Montepulciano, na habari ya yale mawaridi

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe wala simlaumu mtu. Nipo Siena, Italia, kimasomo, nikataka kwenda Montepulciano, mji wa mvinyo wa huku huku, nikaangalia ramani nikaona kuna stesheni inaitwa Montepulciano, nikasema si ndo hapo hapo, nikakata tiketi nikapanda kale katreni ka dizeli kanakoenda Chiusi, mkobani nina maji na maandazi niliyopika usiku. Nashuka, hamna mji! Kuna reli, kuna mashamba, na kwa mbaaali juu ya kilima ndo unaona kuta na minara, kama kilomita 10 hivi. Kumbe stesheni ipo bondeni huku, mji wenyewe upo mita 605 kutoka usawa wa bahari, na siku yenyewe Jumapili, basi nimelingoja dakika 40 wapi. Wenye akili wanashukia Chiusi wanachukua basi la kupanda mlimani. Haya na nyie mmejua.

Nikaanza kutembea tu. Mwisho wa Septemba lakini jua lilikuwa linawaka, maandazi yameisha hata sijafika kona ya pili, ndo mzee mmoja akasimamisha Fiat Panda yake kuukuu, nyuma kajaza kreti tupu za plastiki zenye madoa ya zabibu. Ingia binti. Nikaingia. Unatoka wapi? Tanzania. Aaa, Zanzibar! (Waitaliano ndo walivyo, ukiwaambia Tanzania wao masikio yanasikia Zanzibar.) Nikamwambia hapana mzee, Dodoma, katikati ya nchi, bahari hakuna, vumbi ndo lipo, na baba yangu analima zabibu Mpunguzi.

Hapo akapunguza mwendo. Zabibu? Afrika? Nikamwambia na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Aisee yule mzee aliachia usukani, mikono yote miwili juu, nikasema leo tunaingia mtaroni na mimi ndo chanzo. Ikabidi nimweleze kwa Kiitaliano changu cha kuungaunga kwamba kwetu hamna ile baridi ya kuulaza mzabibu, ukishavuna unapogoa, unamwagilia, unachipua tena, kwa hiyo kuna mavuno ya kama mwezi wa tatu na mengine wa nane au wa tisa. Yeye mzabibu wake unalala miezi yote ya baridi, mkavu kama kuni, anavuna mara moja tu, na mvua ya mawe ikija wiki moja kabla ya kuvuna basi mwaka ndo umekwenda hivyo.

Akaegesha pembeni anionyeshe. Mistari imenyooka utadhani imepigwa rula, vichala vyeusi vimejibana, na mwanzo wa mistari kadhaa kuna mti wa waridi. Mimi nilidhani urembo. Kumbe waridi ni mlinzi, linashikwa na ukungu mapema kuliko mzabibu, ukiona majani yake yameanza kuwa na unga mweupe unajua shamba nalo lipo njiani, unawahi kupulizia dawa. Ule ugonjwa baba anauita ubwiri unga, naujua, mwaka mmoja ulitula msimu mzima. Nikapiga picha nyingi za yale mawaridi kuliko picha zote nilizopiga mjini.

Mzee akanishusha Porta al Prato, lango la chini, akaenda zake, hata jina sikumuuliza.

Sasa mji wenyewe. Montepulciano ni kama barabara moja tu inayopanda, inapinda, inapanda tena, kila ukisema nimefika unakuta kona nyingine. Karibu na lango kuna nguzo ina simba wa mawe juu, huyo ni simba wa Firenze, kawekwa hapo ili ujue mji huu ulikuwa upande wa nani enzi zile Siena na Firenze wanagombania kila kilima (mimi nakaa Siena nikajikuta naona wivu, sijui wa nini). Mbele kidogo kuna mnara wa saa una lisanamu la Pulcinella, yule mchekeshaji wa Napoli mwenye kinyago, ndo anagonga kengele. Na kwenye mwinuko huu huu, Jumapili ya mwisho ya Agosti, mitaa minane inashindana kusukuma mapipa ya mvinyo mpaka juu kwenye kanisa kuu, pipa lina kama kilo 80, wanalisukuma wawili wawili. Zamani yalikuwa mashindano ya farasi, mapipa yalianza 1974. Mimi nilikuwa na mkoba tu na nilipumzika mara nne.

Juu kabisa ndo Piazza Grande, uwanja mkuu wa mji. Kila mtu anapiga picha jengo la manispaa maana limefanana na Palazzo Vecchio ya Firenze, na kile kisima chenye simba na ndege wa hadithi, ila mimi lililonishika ni kanisa kuu. Lilianza kujengwa 1594, likamalizika 1680, halafu uso wake wa mbele haukumalizika mpaka leo! Matofali na mawe tupu, yameachwa na ngazi ngazi za kushikia mapambo ambayo hayakuja. Mtu wa kwetu ukiiona unaelewa fasta, hiyo ni nyumba ambayo hela iliisha kabla ya lipu. Ingia ndani sasa, juu ya altare kuna mchoro wa Taddeo di Bartolo wa 1401 wa Bikira Maria kupalizwa mbinguni, dhahabu tupu, mkubwa, nilikaa kwenye benchi nikautazama mpaka miguu ikapoa.

Baada ya kupanda kote huko, kazi ya mji huu ni kushuka. Chini ya majumba kuna mapango na mahandaki ndo wanahifadhia mvinyo, unaingia mlango wa kawaida kabisa, unashuka ngazi zimelowa, baridi inakupiga, harufu ya mbao na uyoga, halafu mapipa ya mwaloni makubwa kunizidi kimo, yamejipanga gizani kama tembo waliolala. Dada aliyekuwa anatutembeza akaeleza Vino Nobile, mvinyo mwekundu wa mji huu, ni lazima iwe na zabibu za sangiovese angalau asilimia 70, wao wanaziita prugnolo gentile, na inakaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, na tangu 1980 ina DOCG, ile daraja ya juu ya Italia. Mimi na kiherehere changu nikamwambia naijua, huwa nanunua supamaketi Siena, euro nne. Kimya. Akaniuliza kwa upole, ile imeandikwa Montepulciano d'Abruzzo? Ndiyo. Kumbe hiyo montepulciano ni jina la aina ya zabibu, inalimwa Abruzzo huko upande wa pili wa nchi, na mji huu haihusiani nao kabisa. Mjerumani mmoja alicheka mpaka akakohoa. Yaani nimekuja kwa treni kuhiji mahali ambapo mvinyo wangu haujawahi kufika.

Nobile nilionja, kali kidogo ulimini, baadaye inabaki kama cheri. Bei nikaiangalia nikaiacha hapo hapo rafuni, nikabeba Rosso, mdogo wake asiyesubiri sana na asiyeumiza mfuko.

Kanisa la San Biagio, lile jeupe lililoanza 1518 nje ya kuta, nililiona kutokea juu tu. Kulishukia nilikuwa naweza, kurudi ndo sikuwa na uhakika.

Usiku nikamtumia baba picha WhatsApp. Kanisa kimya, mapipa kimya, ile ya waridi akapiga simu saa hiyo hiyo. Nikamweleza. Akaguna, akasema hilo jambo ni zuri sana, atapanda mawili mwanzo wa shamba la juu. Nikamsikia mama kwa nyuma anauliza, na maji ya kumwagilia hayo maua Mpunguzi yatatoka wapi, kwenye ndoo zangu?