Nilivua hadi hereni

Kila alfajiri nikiwa zamu huwa napima watu uzito. Wodini kwetu kuna wagonjwa ambao moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na mwili wao unakusanya maji. Hao hatuwapimi ili tujue kama wamenenepa. Tunataka kujua maji yamepanda au yameshuka. Mtu akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, daktari anaambiwa. Kazi hii nimeifanya miaka 11, na sijawahi hata siku moja kumwambia mgonjwa aliyepanda kilo mbili, "Mzee, umekula sana."

Sasa sikilizeni nilichojifanyia mwenyewe.

Nilianza kupunguza mwili nikiwa na kilo 84.6. Nikapunguza wanga na sukari, nikawa natembea kwa kasi dakika 40 kila siku. Wiki ya kwanza kabla haijaisha, mizani ikasoma 82.3. Kilo 2.3! Nikaipiga picha nikamtumia dada yangu. Jumatatu nikaongeza mazoezi ya kuchuchumaa na kunyanyua vyuma, seti nne, maana mtu aliyepungua kilo mbili hujiona shujaa. Jumanne jioni tulikuwa tunamuaga mwenzetu anayehamia idara nyingine. Nilikula kwa adabu, ila chakula kilikuwa na chumvi haswa. Jumatano asubuhi: 83.9.

Nikashuka, nikapanda tena. 83.9. Nikaisogeza mizani karibu na dirisha. 84.0. Nikavua hereni. (Ndiyo, hereni.)

Siku ile nilinuna, sikula mchana, nikaingia zamu ya usiku na tumbo tupu, na saa kumi alfajiri nikamaliza peke yangu boksi la biskuti la chumba cha wauguzi.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa kitanda cha ukutani. Kulipokucha nilimpandisha kwenye mizani ya wodi, nikakuta ameongezeka kilo moja na nusu. Nikainama, nikambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikahesabu hadi tano, nikaachia. Shimo likabaki palepale kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Maji haya, mzee," nikamwambia. "Si mafuta. Mafuta hayaji usiku mmoja."

Akanitazama kwa muda. "Na hayo ya kwako, mwanangu, uliyokuwa unawalalamikia wenzako usiku kucha, ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kwa hiyo kilo 1.6 ni zaidi ya kalori 12,000, tena juu ya zile ambazo mwili ulikwisha kuzitumia. Hata ningekula sahani za wote tuliokuwepo nikaramba na sufuria, nisingefika huko.

Basi zilitoka wapi? Kwanza, zile za furaha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Mtu mzima anaweza kubeba karibu nusu kilo, na kila gramu hushikana na gramu 3 hivi za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanaishia chooni. Sehemu kubwa ya zile kilo 2.3 nilizompigia picha dada, kwa kusema ukweli, ilikuwa mkojo. Hapo sikuitilia mizani shaka hata chembe, wala sikuisogeza dirishani.

Kisha misuli. Zoezi ambalo misuli haijalizoea huichanachana kidogo, na mwili unapeleka maji pale ili kukarabati. Maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Jumatano ile nilikuwa nashuka ngazi kwa ubavu kama kaa, halafu nashangaa maji yametoka wapi.

Chumvi ndiyo iliyoniaibisha zaidi, kwa sababu naitundika kwa mikono yangu kila siku. Dripu ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa lita, karibu sawa na chumvi iliyomo katika maji ya damu. Ukila chumvi ya ziada, mwili hushikilia maji ili uwiano huo usiharibike, mpaka figo zipate nafasi ya kuitoa. Kiu iliyoniamsha usiku ule ilikuwa ikifanya kazi hiyo. Na chakula chenyewe kina uzito: gramu 600 tumboni ni gramu 600 kwenye mizani, hata kama ni majani matupu.

Na kalenda? Ilikuwa siku tatu kabla ya hedhi, siku ambazo mwili nao huweza kushikilia maji. Muuguzi mzima sikuangalia kalenda.

Siku hizi nafuata nyumbani sheria ileile ninayowasimamia wagonjwa: nikiamka tu, baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chochote, nguo ileile, mizani kwenye sakafu ngumu na si juu ya zulia. Nikiwa zamu ya usiku, "asubuhi" yangu ni saa tisa alasiri. Haidhuru, naandika. Siku zinazokaribia hedhi naweka nukta nyekundu, na nikitaka kulinganisha nazilinganisha na nukta za mwezi uliopita. Baada ya mazoezi siikaribii mizani kabisa. Jasho la nusu lita ni nusu kilo, na glasi mbili za maji zinairudisha. Mafuta njia yake kuu ya kutokea ni pumzi: katika kila kilo 10, kama kilo 8.4 hutoka kwa njia ya hewa ya ukaa, zinazobaki ni maji. Jambo hili bado linanichekesha.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuninong'oneza kama vidonge vya kukojoza vingemsaidia. Vingemshusha, tena haraka, ndiyo kazi yake. Mafuta visingegusa hata gramu moja, ila vingeondoa mwilini potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa, na moyo hauchezewi potasiamu. Nilimjibu kwa ukali, baadaye nikamwomba radhi. Jibu sikulibadilisha.

Kila Jumapili najumlisha siku saba, nagawanya kwa saba. Wiki tatu mfululizo nilipata 83.2, 83.3, 83.2. Nilikaribia kuacha, kusema kweli, lakini mkanda wa suruali ulikuwa umeingia tundu la ndani zaidi, na mkanda haujui habari za chumvi. Wiki iliyofuata wastani ukawa 82.1. Sidhani kama mafuta yaliondoka wiki ile moja. Yalikuwa yakiondoka polepole wakati wote, na maji yalikuwa yamekalia nafasi yake.

Lakini ukiongezeka ghafla na miguu ikavimba, au ukalala chali ukakosa pumzi, usihangaike na wastani. Nenda hospitali.

Yule mzee aliruhusiwa baada ya siku 9, amepungua kilo 6, zote maji. Viatu alivyoshindwa kuvaa siku aliyoletwa vilikuwa vinampwaya. Nilimshika mkono hadi mlangoni.

"Na mizani yako inasemaje leo, mwanangu?"

"Imepanda nusu kilo tangu jana, mzee."

Akaniinulia kidole gumba, akakikunja kama anayebonyeza kitu. "Umebonyeza?"