Magunia Sita

Haya nimeyaandika na kuyafuta mara tatu, maana wifi zake mke wangu wote wana simu na wote wanajua kusoma.

Msimu wa 2024 kilo ya korosho ilivuka shilingi 4,000 mnadani, na sisi wa Tandahimba tukatembea vifua mbele. Shamba la mama, ninalolihudumia mimi, lilitoa magunia sita. Nikayapeleka chama cha msingi cha ushirika, nikasubiri. Ujumbe wa benki ulinikuta gereji nimefungua injini ya bodaboda, nikaugusa kwa kidole cha mwisho ambacho hakikuwa na oili. Milioni moja na laki saba na chenji, makato yameshatoka. Wiki mbili baadaye ilibaki elfu kumi na moja.

Mkeka wa kwanza, yaani orodha ya mechi unazobashiri kwa dau moja, ulikuwa wa elfu mbili, na ubaya wake ni kwamba ulitiki, mechi zote zikaenda nilivyotaka. Nikapata 86,000. Wa pili ukachanwa na timu moja dakika za nyongeza, nami nikaona ile si hasara, ni pesa yangu imekwenda matembezi, nitairudisha kesho. Neno "kurudisha" ndilo lililonimaliza. Mechi zikiisha nilihamia kwenye kindege, kamari ya simu ambayo unatoa hela yako kabla hakijaruka, usiku, ndani ya chandarua, mwanga wa simu nimeufunika kwa shuka. Namba inapanda, 1.20, 1.80, 2.40, kidole kinatetemeka juu ya kitufe, mara kindege kimeruka na hela yako. Raundi moja haimalizi dakika. Mama watoto akigeuka nasema naangalia matokeo. Pesa ya shamba ilipoisha nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Mwalimu wa hesabu, jirani yangu, alikuja kunionyesha kwenye kikokotoo: mechi kumi, hata kama kila moja ina nafasi saba kati ya kumi ya kwenda unavyotaka, mkeka mzima una nafasi kama tatu kwa mia. Nilimwelewa vizuri sana. Jioni nikasuka wa mechi kumi na mbili.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Aliniita, nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza pole pole:

"Mpwa wangu, pesa ya dada yangu iko wapi?"

Nilianza na habari ya spea nilizoagiza Dar. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kesho tunakwenda Mtwara. Kwenye Coaster, kupita Nanyamba, nilikuwa na hakika ananipeleka ama polisi ama kwa mganga. Tukashukia Ligula, hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Niliona haya kuliko siku ya jando.

Muuguzi hakunihubiria. Aliniuliza mawili: je, umewahi kujikuta lazima uweke kubwa zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako kuhusu kiasi unachocheza? Ndiyo, na ndiyo. Akaniambia Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kundi moja na ulevi. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa malaria.

Matangazo ya kubeti huishia na "cheza kistaarabu". Wapo wanaoweza. Fundi cherehani wa mtaani huweka buku lake Jumamosi, likiliwa anacheka, anarudi kwenye pindo. Mimi nilijiwekea kikomo cha elfu tano kwa wiki zaidi ya mara ishirini, Jumanne hakipo. Kilichonisaidia ni vitu vya kudhalilisha kidogo: laini ya pesa iko kwa mke wangu, wateja wanalipa kwake. Akaunti ya kubeti niliomba kampuni yenyewe waifunge. Dukani sipiti upande wa lile dubwi, mashine ya kamari ya sarafu za mia mbili, ambalo sheria inasema si la aliye chini ya miaka 18, lakini dubwi halina macho.

Nimeshaanguka mara moja, elfu tatu, kwa simu ya kijana wa gereji. Nilimpigia muuguzi kabla sijamwambia yeyote nyumbani.

Mwaka huu petroli ya mota ya kupulizia salfa alinikopesha mjomba. Nalipa kwa kumpulizia mikorosho yake alfajiri, kabla upepo haujaamka. Ameziandika siku zangu kwa mkaa ukutani jikoni. Zimebaki tisa.