Macho peke yake hayatoshi

Ukiwa kwenye SGR unaingia Dodoma, nguzo za karibu na reli zinapita fasta ila vilima vya mbali vinaenda taratibu, na hapo ndo ubongo unajua kipi kipo karibu kipi mbali. Ila kujifunza hilo macho tu hayatoshi, lazima mwili wenyewe utembee: 1963 huko Marekani, watafiti Held na Hein walichukua vitoto vya paka vilivyolelewa gizani wakavifunga viwili viwili kwenye kitu kama bembea ya kuzunguka, kimoja kinatembea chenyewe kingine kinabebwa tu, vyote vinaona vitu vilevile. Kile cha kubebwa kikashindwa kutambua kina, yaani kipi kipo karibu kipi mbali (baadae vilipoachiwa vitembee vikakaa sawa, afadhali). Ndo maana mi mgeni akija simzungushi chuo kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa boda, tunatembea, akilalamika jua basi alalamike.