Mradi wa mvua: kuharakisha data kuingia databesi ya klaudi

Kwa wanaofuatilia, nachukua data ya CHIRPS, ile ya mvua ya kila siku tangu 1981, vimraba vya digrii 0.05, nakata eneo la Kanda ya Ziwa naliweka kwenye Postgres (programu ya databesi) ya klaudi ili ramani yangu ya mvua isome humo. Wiki hii ramani sijaigusa, nimekomaa na kuingiza data tu maana ilikuwa inajikokota mno.

Ukiangalia seva, CPU imelala, diski haina presha. Ishu ni njia. Databesi iko Ulaya mi niko Mwanza, ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) inacheza kwenye milisekunde 150, na skripti ya Python inatuma INSERT moja (amri ya kuingiza rekodi), inasubiri jibu, ndo inatuma nyingine. Sasa piga hesabu, rekodi milioni moja ni kama saa 42 za kusubiri tu, hata ukilipia seva kubwa kiasi gani hutoboi. Na ile executemany ya psycopg2 (maktaba ya Python ya kuongea na Postgres) jina lisikudanganye, nayo inatuma moja moja vilevile.

Kufunga rekodi 1,000 kwenye INSERT moja kulishusha muda wa njiani hadi dakika mbili na nusu hivi, ila raha yenyewe ni COPY, amri ya Postgres ya kuingiza data kwa mkupuo, haisubiri jibu kwa kila rekodi, inamimina tu mpaka mwisho. Kwenye hizi databesi za kukodi diski ya seva huruhusiwi kuigusa, kwahiyo natumia \copy ya psql (programu ya kuipa Postgres amri), faili la data la CSV linabaki kwenye laptopu yangu.

Sasa COPY ina ukali wake. CHIRPS panapokosa data inaweka -9999, na jedwali langu lina CHECK (sharti) kwamba mvua isiwe chini ya sifuri, basi -9999 moja tu ikipita mzigo wote unakataliwa. Dawa yake nimetengeneza jedwali la muda aina ya UNLOGGED (Postgres haiandiki mabadiliko yake kwenye logi), halina indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) wala CHECK, COPY inamwaga humo, halafu INSERT ... SELECT inachuja kuja jedwali kuu, na hiyo kazi inafanyika hukohuko kwenye seva, haivuki bahari. UNLOGGED seva ikizima ghafla data inafutika, poa tu, CSV ninayo.

Saa hizi inaingia miaka ya tisini. Indeksi ya tarehe nimeidondosha kwanza, mzigo ukiisha naijenga upya kisha napiga ANALYZE (Postgres ikusanye takwimu za jedwali), ndo nirudi kwenye ramani.