Kliniki ya mtoto si mzani na sindano pekee

Akina mama wengi ninaokutana nao hapa Mtwara humpeleka mtoto kliniki kwa ajili ya mzani na sindano, kisha huondoka kabla ya kuzungumza na muuguzi juu ya maendeleo yake, ambayo kwangu ndiyo kiini cha safari yenyewe. Uzito huandikwa kwenye kadi, na kinachotazamwa ni mwelekeo wa mstari: ukilala au kushuka, ni lazima chanzo kitafutwe, hata kama mtoto anaonekana mchangamfu. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mnazijua, pamoja na ile ya surua na rubela ya miezi 9.

Maswali ya maendeleo ndiyo ningependa tuyape muda. Je, akikaribia miezi 2 humtabasamia anayemsemesha? Akiwa na miezi 4 amekaza shingo? Hugeukia sauti? Akifika miezi 9 hukaa bila kushikiliwa? Watoto hutofautiana, na kuchelewa kidogo peke yake si ugonjwa. Lakini mtoto aliyeacha kufanya jambo alilokwisha kuliweza anapaswa kuonwa na daktari mapema, hata kama bibi nyumbani anasisitiza kwamba baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Muuguzi asipouliza, mwulizeni ninyi, foleni iwe ndefu kiasi gani. Na aliyejifungua kabla ya siku zake aliseme hilo mwanzoni, ili umri wa mtoto uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.