Redio ya msimu wa mvua: nilivyochagua yangu

Ukiishi Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mto Nyamwamba, mvua ya milimani Rwenzori inakuhusu hata kama kwako jua linawaka. Mei 2013 mto ulifurika, na Mei 2020 ukarudia, ukaharibu hata hospitali ya Kilembe. Wakati kama huo umeme unakatika, simu inaisha chaji. Nikaamua kutafuta redio ya dharura.

Kijana wa dukani alinitolea ya rangi ya machungwa yenye tochi, king'ora, sola na mkono wa kuzungusha. "Mama, hii kiboko, ina hadi WB ya hali ya hewa!" Nikamwambia aiwashe hiyo WB. Shaaa, basi. Kitufe kile kinanasa masafa ya MHz 162 hivi, ambayo Marekani na Kanada hutangazia hali ya hewa mchana na usiku. Sisi tahadhari tunazisikia kwenye FM za kawaida, tena kwa Lukonzo, lugha ya huku. Sola yake ilikuwa ndogo kama kiganja, na msimu wa mvua jua lenyewe la kuvizia. Mkono wa kuzungusha unasaidia, sikatai, ila betri ya ndani haitoki. Ikifa, umebaki na tochi isiyowaka.

Nikachukua nyeusi ya kawaida, ya FM na SW (masafa mafupi), inayotumia betri kubwa za duara. Hizo hata kioski cha njiani kinauza. Kabla ya kulipa nilimwomba afungue sauti, nikaenda kusimama nje kwenye kelele za bodaboda. Mvua ikipiga bati, spika ndogo ni kama haipo.

Tulikubaliana nikishindwa kunasa stesheni nairudisha, maana FM ikizibwa na mlima inakwaruza. Na kweli, nyumbani, ukutani upande wa mlima ilikwaruza tu. Dirishani upande wa bonde ikatulia. Nikapigilia msumari hapohapo wa kuitundika.

Betri sizihifadhi ndani ya redio. Zikikaa muda mrefu huvuja maji yanayokula springi, na siku ya shida unakuta kutu. Nimezifunga kwenye nailoni kando yake.

Baba watoto ndiye mtihani: mpira ukianza, anazinyemelea betri za dharura. Nimemnunulia zake.