Nilivyounganisha vijiji viwili kwa Wi-Fi ya kilomita 12

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: "Ukiuona mlingoti wa upande wa pili kwa darubini, kazi imekwisha." Si kweli, na unawaponza wengi. Jicho linatosheka na upenyo mwembamba, lakini mawimbi ya redio yanahitaji njia iliyotuna katikati, ile inayoitwa eneo la Fresnel. Kwa kilomita 12 kwenye 5.8 GHz, mkondo wa mawimbi tuliotumia, nusu kipenyo chake katikati ya njia ni mita 12 na nusu hivi, na asilimia 60 ya hapo, yaani mita 7.5, lazima iwe wazi. Jumlisha mita 2 za mbinuko wa dunia. Vipimo hivyo vianzie kwenye vilele vya miti, si ardhini. Miti nayo hukua, kwa hiyo niliacha mita 3 za ziada.

Hesabu nilipiga kabla mtu hajapanda nguzo. Redio, yaani kifaa cha kurusha na kupokea Wi-Fi, inatoa 23 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara kwa desibeli; ikiwa hasi, iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi), kila dishi linaongeza desibeli 25, kebo na viunganishi vinakula 2, anga linakula 129. Upande wa pili nitegemee −58 dBm. Kwa kasi tuliyoitaka redio ilihitaji −75, kwa hiyo akiba ni desibeli 17.

Tulipofunga tukasoma −79. Mawasiliano yalishika, watu wakafurahi, na waliokuwepo wakasema tuongeze nguvu ya redio basi. Nilikataa. Desibeli 21 ni nguvu iliyopungua zaidi ya mara 100, na kiunganishi kilicholegea hakili kiasi hicho kwa kawaida. Pengo la namna hii lina washukiwa wawili wakubwa. Wa kwanza ni dishi moja kufungwa wima na jingine ulalo. Tulikagua, yalikuwa sawa. Wa pili ni dishi kushika mwale wa pembeni. Dishi la desibeli 25 lina mwale mkuu wa nyuzi 8 hadi 10 tu, na kandokando yake kuna vimiale dhaifu. Ukizungusha, ishara inapanda kisha inashuka, unaamini umefika kileleni na kukaza nati, kumbe kilele chenyewe kiko pembeni yako.

Dawa yake ni utepe wa karatasi wenye alama za milimita, uliozungushwa kwenye nguzo. Nguzo yetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 60, kwa hiyo milimita moja ya utepe ni karibu nyuzi 2. Upande wa pili hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu. Nilianzia mbali kushoto, nikasogeza alama moja moja hadi mbali kulia, alama 30 kwa jumla, nikingoja sekunde 5 kila mara kwa sababu namba inayoonekana kwenye skrini ni wastani na huchelewa. Vilima vitatu vikajitokeza kwenye daftari: −80, −61, −79. Nikarudi cha katikati, nikarekebisha juu na chini, kisha wenzangu wakafanya vivyo hivyo kwao. Ikatulia kwenye −59. Nguvu ya redio hatukuigusa.

Hapo ishara ni safi lakini kasi bado ya kinyonga. Mawimbi huenda mita 300 kwa mikrosekunde, kwa hiyo kilomita 12 kwenda na kurudi ni mikrosekunde 80. Redio iliyoachwa na mpangilio wa ndani ya nyumba haisubiri jibu muda wote huo. Inahesabu pakiti, yaani kifurushi cha data, imepotea na kuituma upya. Andika umbali mwenyewe, kwenye redio zote mbili. Mimi niliweka kilomita 13.

Umeme wa redio hupanda kwa kebo ileile ya mtandao. Tumia volti 24. Kwa volti 12, redio ya wati 8 kwenye kebo ya mita 40 inapoteza volti 3 na zaidi njiani, na betri ikishuka usiku redio inaanza kuzima na kuwaka. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba inapoteza zaidi. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu kabla ya kununua, ikitokea nyeupe ndani iache. Na kabla kebo haijaingia kwenye redio au ndani ya nyumba, iache ining'inie chini kidogo kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee hapo.